Somo la Fisi

Mwalimu Benedikto alikuwa na kipaji cha kuchekesha, na kipaji hicho ndicho kilichomponza. Wapo watu wakifungua mdomo unasikia usingizi. Yeye alikuwa akikohoa tu, watoto wameshika mbavu. Shule yake ya misheni pale Lugomba, juu kidogo ya Bigwa, ilikuwa banda la udongo na nyasi. Mlikuwa na magogo ya kukalia, ubao mweusi uliopasuka pembeni, na picha moja kubwa ya wanyama iliyotoka Ulaya. Huko kwingine mlimani watoto walitoroka shule wakawinde panya buku. Kwake walitoroka shamba waje shule. Mapadre wa kule chini Morogoro waliliona hilo wakamsifu, na sifa, jamani, nani asiyezipenda? Zilimkaa vizuri kama kanzu ya sikukuu.

Ile picha ilikuwa ya wanyama wa nchi kavu. Aliyeichora huko kwao Udachi nadhani wengine aliwasikia kwa jirani tu, maana twiga alikuwa na uso wa ngamia, na fisi alifanana na mbwa aliyeamka na homa. Benedikto hakujali. Picha ilikuwa kisingizio tu. Mnyama mwenyewe alimfanya yeye, kwa mwili wake. Akifundisha tembo, mkono unakuwa mkonga na kofia ya mtoto inapeperuka. Akifundisha mbega, anaruka gogo hadi gogo huku watoto wanapiga kelele za kutaja, "Mbega! Mbega!" Ndivyo mchezo ulivyokuwa: mwalimu anakuwa mnyama, watoto wanamtaja, kisha ndipo yanafuata masomo ya kwato na makucha, wanaokula majani na wanaokula nyama.

Siku ya fisi alijipita mwenyewe. Aliinama, akashusha kiuno, akapita katikati ya magogo akinusa miguu ya watoto mmoja mmoja, kisha akacheka kile kicheko cha fisi mpaka kuku wa jirani wakakimbilia uvunguni.

"Fisi! Fisi!"

"Ndiye. Anakula nini?"

"Mizoga!"

"Na mifupa je?"

"Na mifupa!"

"Na ngozi ya ngoma ya babu?"

"Na ngoma!" Wakaanguka kucheka.

Benedikto akajifuta jasho. "Haya. Nani kati yenu amewahi kumwona fisi, si kwa kusimuliwa, kwa macho yake mwenyewe?"

Wakatazamana. Watoto wa mlimani walimjua chui na nguruwe pori, lakini fisi ni wa mabondeni, na wengi walikuwa wamemsikia tu akilia kwa mbali. Basi kule mwisho, kwenye gogo la ukutani, mkono mmoja ukanyooka. Ulikuwa mkono wa Mosi.

Tangu Mosi aje shuleni, mkono huo ulikuwa haujapata kunyooka. Alikuwa binti wa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye tabia ya kukaa amejikunja kana kwamba anaomba radhi kwa nafasi anayoichukua. Ukimuuliza swali alijibu kwa kunong'ona, na mwenzake wa jirani ndiye aliyelipaza jibu. Leo amenyoosha mkono wote, mpaka bega linataka kutoka.

Sasa sikilizeni lilipoanzia kosa. Baba yake Mosi alikuwa mtu aitwaye Pazi, na Pazi na Benedikto walikuwa watani, maana koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu. Wakikutana gulioni, Pazi humwambia, "Wewe maiti, bado hujazikwa tu?" na Benedikto humjibu, "Nakungoja wewe mchimbaji upate akili." Watu wakasikia wakacheka. Mtani hana kosa: atakutukania mamako, atakuchukulia kofia, atacheka kwenye matanga yako, nawe hununi. Basi Benedikto alipouona mkono ule, hakumwona Mosi. Alimwona mtoto wa Pazi, na ulimi ukamwasha.

"Ahaa! Kumbe Mosi! Kumbe mwenzetu ulialikwa karamuni! Hebu tuambie, mlikula sahani moja, au yeye alikula nyama wewe ukangoja mifupa?"

Banda likalipuka.

"Mwalimu, mimi..." Mosi alianza.

"La, la, la! Usiseme na kinywa kimejaa. Meza kwanza!"

Hapo hata wale wadogo wa mbele, wasioelewa neno, walicheka kwa kuona wenzao wanacheka. Mkono wa Mosi ukashuka polepole. Benedikto aliuona ukishuka. Tusimsingizie kwamba hakuuona. Aliuona, akajiambia mtani hanuni, akageukia ubao akaandika: FISI NI MNYAMA WA NCHI KAVU.

Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha. Kesho yake Mosi hakuitwa tena Mosi. Aliitwa Fisi. Akipita, mmoja hujifanya ananusa, mwingine anapiga kile kicheko, na walijua kukipiga vizuri, maana mwalimu wao aliwafundisha. Akikaa kwenye gogo, wenzake wanasogea. Wakatunga na wimbo, "Ficheni mifupa, Mosi anakuja," na mara ya kwanza Benedikto kuusikia alitabasamu, akaona watoto wake wana kipaji.

Lakini watoto hulala makwao, na neno hulala nao. Huko majumbani fisi si neno la mchezo. Watu wanajua nani hupanda fisi usiku, na nani hutafuta makaburi mabichi. Mama mmoja akamuuliza mwanawe, "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema?" Mtoto akajibu, "Mwalimu mwenyewe." Mwalimu ni mtu wa kitabu, hasemi ovyo! Basi wanawake waliozoea kutwanga pamoja na Chausiku, mama yake Mosi, wakaanza kuwa na shughuli nyingine. Chausiku akifika kisimani, ndoo zinajaa upesi na njia inakuwa tupu.

Siku moja, watoto walipokwisha kwenda zao, alifika mtu mlangoni mwa banda. Alikuwa Lukasi, kaka yake Chausiku, mkulima wa maharage mwenye sauti ya chini, ambaye hata kanisani hukaa nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Lukasi.

"Milele amina. Shikamoo, mzee Lukasi. Karibu, keti."

"Marahaba. Sitaketi." Akabaki kizingitini. "Mwalimu, nimekuja kuuliza. Wewe ni mtani wetu?"

Benedikto akacheka. "Mtani wangu ni Pazi! Yule maiti anayetembea..."

"Pazi ni mtani wako, sawa. Mosi je?"

"Mosi si mwana wa Pazi?"

"Nani alikuletea Mosi hapa shuleni?"

"Wewe."

"Kwa nini hakumleta Pazi?"

Lo! Jambo hilo, katika Uluguru, mtoto hulinyonya pamoja na maziwa: mwana ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye anayempeleka, mjomba ndiye anayemwozesha, mjomba ndiye anayemsemea. Benedikto alikuwa Mluguru kama wao. Ila mama yake alifariki Benedikto angali mdogo, akalelewa misheni kule mjini, na misheni mtoto huitwa kwa jina la baba, basi yakaishia hapo. Utani alijifunzia ukubwani, kwenye pombe na gulioni, akauchukua upande wake wa kicheko tu.

"Mosi ni wa kwetu," Lukasi alisema. "Na ukoo wetu na wako haujapata kutaniana. Ulimtukana mtoto wa watu."

"Mzee Lukasi, sikujua. Naapa sikujua."

"Ngoja. Hata angekuwa mtani wako. Mtani anayecheka msibani, kazi yake nini msibani?"

Benedikto alijua jibu, akalitoa kwa shida. "Huchimba kaburi. Huosha maiti."

"Ndiyo. Anacheka kwa kuwa ameshika jembe. Wewe kaburi la Dadi ulilichimba?"

"Dadi yupi?"

Lukasi akatazama nje kwanza, kisha akamweleza, naye alieleza kwa ufupi kama mtu anayepita kwenye miiba. Ilikuwa katika ile njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Chausiku alikuwa akiishi bondeni na watoto wawili, Mosi na mdogo wake wa kiume, Dadi. Pazi alikuwa amekamatwa kubeba mizigo ya serikali, na Lukasi mwenyewe alikuwa upande wa pili wa mlima akihangaikia wengine. Dadi akafa. Hakukuwa na mtu mwenye nguvu ya kuchimba. Majirani wawili walikwangua ardhi, wakamlaza, wakafunika kwa matawi ya miiba. Mwaka ule fisi walikuwa wamezoea watu. Asubuhi wapita njia wakaona miiba imetupwa pembeni na udongo umevurugwa, na walipofika na habari hiyo, Chausiku aliwazuia kwa mkono wasimalize.

"Mpaka leo hajauliza," Lukasi alisema. "Kaburi lenyewe hajarudi kulitazama. Nyumbani kwetu mnyama huyo hatajwi. Ukimtaja, dada yangu anaondoka kwenye chakula. Wewe umemfanya jina la mwanawe, na sasa watu wanasema mtoto alimla mdogo wake kwa uchawi."

Aibu ilimshika Benedikto hata hakujua aiweke wapi mikono yake. Alimkumbuka Mosi alivyonyoosha bega. Akakumbuka "meza kwanza," na neno lile lilimrudia kama tapishi kooni.

"Nitaleta kuku," akasema. "Nitaleta unga, nitakuja kwa Chausiku nipige magoti..."

"Kuku!" Lukasi alipandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Kuku ndio waliokusikia? Ulisema mbele ya watoto, ukaseme mbele ya watoto. Waambie umekosea, waambie mtoto huyu hana doa. Wakienda nalo nyumbani kama walivyokwenda na lile la kwanza, tutakaa. Usiposema, namtoa shule, nawahamishia Mgeta yeye na mama yake, kabla hawajaja watu na moto. Na huko tutafika wageni, hatuna shamba. Basi, nimemaliza."

"Kesho," Benedikto alisema. "Kesho asubuhi."

Ah, kesho! Kesho asubuhi watoto walimpokea wakiwa wamechangamka, macho yanang'aa, wanangoja kichekesho. Benedikto akasimama mbele yao, akafundisha swala na paa. Akajiambia Padre yuko njiani kuja kukagua shule. Akijidhalilisha sasa, watoto watamdharau, shule itaharibika, ukaguzi utakuwa fedheha. Padre akiondoka, atasema. Unaona mtu anavyojua kujidanganya kwa mpango! Badala yake akajaribu kulipa kimyakimya. Alimpa Mosi kibao kipya cha kuandikia, kisicho na ufa, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mkubwa wa darasa. Mosi alikipokea kwa mikono miwili kwa adabu. Walipotoka, Benedikto alikikuta mezani pake, kimefutwa safi.

Padre akaja juu ya nyumbu, ndevu zimejaa vumbi jekundu. Alikuwa mtu mwema, mwenye Kiswahili cha kitabuni na sikio zito. Watoto walimwimbia, wakamhesabia, wakasali Baba Yetu, naye akafurahi. Kisha akaiendea ile picha, akachukua fimbo ya mwalimu, na katika wanyama wote waliojaa pale, fimbo yake ikatua juu ya fisi.

"Nani atanieleza habari za mnyama huyu?"

"Mosi!" Banda zima, kwa sauti moja, na nyuma ya sauti vicheko vya kubana pua.

"Oo! Mosi ndiye bingwa wa fisi?" Padre alifurahi, akadhani wanampigia mwenzao debe. "Njoo, Mosi, njoo mbele."

Hapo, mtu mwenye moyo angesema neno. Lilitosha neno moja: Padre, ngoja. Benedikto alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa mtoto. Na alifanya nini? Alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, kwa kuwa Padre alikuwa anatabasamu, na meno yake mwenyewe aliyasikia makavu.

Mosi alikuja mbele. Akasema yote kama alivyofundishwa: fisi ni mnyama wa nchi kavu, ana miguu minne, ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hunyonyesha watoto wake, hula mizoga.

"Vizuri sana! Na wewe umepata kumwona?"

"Ndiyo, Baba."

"Wapi?"

Mosi akainua uso, akasema, kwa sauti ile ile ya kunong'ona, "Kaburini kwa mdogo wangu."

Padre akatega sikio kwa kiganja. "Anasema nini?" Akamgeukia mwalimu.

Watoto wa mbele walikuwa wamesikia, na Benedikto alikuwa amesikia.

"Anasema porini, Baba," Benedikto alisema. "Kule bondeni."

"Safi kabisa!" Padre akatoa mfukoni medali ndogo ya Bikira Maria, akamvika Mosi shingoni, akampigapiga kichwani. Kwa mwalimu akasema kwamba hajapata kuona shule ya mlimani ambayo watoto wake wana moyo wa kusema namna hii. Mosi alimtazama Benedikto. Hakumtazama kwa hasira, na heri ingekuwa hasira. Alimtazama tu, akarudi kwenye gogo lake la ukutani.

Siku hizo Benedikto hakula. Aliketi na ugali mbele yake mpaka ukashika ngozi. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga, alijiambia, mjinga husamehewa. Je, mara ya pili? Mara ya pili alijua kila kitu: alimjua Dadi, aliijua miiba, na bado akamziba mtoto mdomo ili apate kusifiwa. Alijionea haya hata kujinawisha uso. Akisikia watoto wanapita njiani wakicheka, alikuwa akiingia ndani.

Kisha habari ikamfikia, kupitia kwa mkewe, aliyeisikia kisimani: Lukasi amekwisha funga mizigo. Wanahama.

Asubuhi ile Benedikto alifika bandani kabla ya watoto. Alipowaona wameketi, na Mosi naye yupo, akasimama mbele bila kugusa picha wala chaki. Nje, kwenye njia, aliwaona watu wawili wanakuja. Mmoja alikuwa Lukasi mwenye jembe na mkeka begani, wa pili Chausiku mwenye mzigo kichwani. Walikuwa wanakuja kumchukua Mosi njiani.

"Watoto," alisema, "leo sina mchezo."

Andrea, mtoto mmoja mchangamfu wa mbele, akaanza kutabasamu. Ndivyo mwalimu alivyoanza siku ya nguruwe.

"Niliwaambia Mosi alikula na fisi. Nilisema uongo. Mosi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi. Mdomo wangu huu ndio mchafu."

Akajishika mdomo aliposema hivyo, na watoto wakacheka.

"Nyamazeni. Sitanii!"

Jamani! "Sitanii" lilikuwa neno lake. Kila alipotaka kuwavunja mbavu alianza na "sitanii." Wakacheka zaidi, wakasogea mbele kwenye magogo wasipitwe.

"Nisikilizeni, wanangu. Yule mtoto aliyekufa... mimi nilimdhihaki marehemu... na Padre alipouliza nikadanganya..." Sauti ikamkatika. Alitaka kuendelea, koo likatoa mlio wa ajabu, machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu, mabega yakawa yanaruka.

Andrea akapiga makofi. "Mnyama gani? Mnyama gani huyo?"

"Ngedere!" akasema mmoja.

"Si ngedere! Mbuzi aliyenyeshewa!"

"Komba! Komba analia hivyo!"

Benedikto alisimama pale, mtu mzima, analia mbele ya watoto, na watoto wanamkisia mnyama. Kila alivyofuta machozi, walizidi kushangilia jinsi anavyojua kufanya. Maisha yake yote hakuwahi kuchekesha watu kiasi hicho. Alipotupa macho mlangoni akamwona Lukasi amesimama na jembe lake, na Chausiku nyuma yake, naye Lukasi hakuwa na uso wa kumsaidia. Alichotaka Benedikto wakati ule ni ardhi ipasuke.

"Nyamazeni!"

Haikuwa sauti yake. Ilitoka nyuma. Mosi alikuwa amesimama juu ya gogo la ukutani, na hakunong'ona.

"Nyamazeni. Mwalimu analia kweli. Hamwoni?"

Wakamtazama Mosi, wakamtazama mwalimu. Cheko moja lilibaki likining'inia kwa Andrea, kisha nalo likafa. Watoto wakaanza kuogopa.

Mosi alishuka. Alikuja mbele mpaka akasimama ubavuni mwa mwalimu, kama mtu anavyosimama na mgonjwa. Na kwa kuwa banda lilikuwa limenyamaza, na pengine hakuwa na hakika kama lingenyamaza tena, akasema.

"Fisi nilimwona. Mama alikuwa hawezi kuinuka. Nilitoka alfajiri nikamtazame Dadi, nikamkuta anafukua. Nikamrushia mawe. Akasogea kidogo tu. Mawe yaliponiishia nikapanda juu ya kaburi, nikaketi."

Hakuna mtoto aliyesogeza mguu.

"Akaketi na yeye. Akanitazama, nami nikamtazama. Nilikuwa nalia lakini sikushuka. Jua lilipotoka akaenda zake. Nikarudishia udongo kwa mikono, ila miiba sikuweza kuirudisha, ilikuwa inachoma." Akavuta pumzi. "Hakumla. Dadi yupo palepale tulipomlaza."

Pale mlangoni mzigo wa Chausiku ulianguka. Hakuushusha, ulianguka wenyewe, chungu kikavunjika ndani, na yeye mwenyewe akakaa chini juu ya vumbi, akamwita mwanawe kwa jina lake. Lukasi aliuweka mkono begani kwa dada yake. Alikuwa mjomba, yeye ndiye msemaji wa nyumba ile, na sasa hakuwa na la kusema.

"Mosi," Andrea akauliza taratibu, "mbona siku zote hizo hukusema?"

"Watu waliona udongo umevurugwa, wakasema ameliwa. Mama hakutaka kusikia. Hakuna aliyeniuliza."

"Lakini mwalimu alikuuliza," Andrea alisema. "Siku ile ya fisi."

"Ndiyo," Mosi akasema. "Mwalimu aliniuliza. Nikanyoosha mkono."

Watoto wote wakageuka kumtazama Benedikto, na hakuna aliyecheka.